Pesa za Langoni Zirudi Wapi?

Kisumu haina bustani ya mimea ya umma. Ina Hifadhi ya Impala, iliyotangazwa rasmi mwaka 1992 na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ina kinamasi cha mafunjo pale Dunga. Ukishika njia ya Busia hadi Maseno, chuo kikuu kina bustani yake ya mimea kwa ajili ya wanafunzi na watafiti. Lakini jiji lenyewe, lililopewa hadhi hiyo mwaka 2001 likitimiza miaka 100, bado halina mahali ambapo mkazi wa Nyalenda au Manyatta anaweza kwenda Jumapili na watoto, akalipa kidogo, akatembea chini ya miti na kuijua kwa majina. Naamini siku moja litapata. Hofu yangu ni kwamba tutaanza na mchoro wa msanifu na jiwe la msingi, kisha suala la pesa za langoni liachwe hadi lango lifunguliwe. Nimefuatilia bustani na misitu ya miji ya ukanda huu kwa muda, na kila iliponawiri au kudhoofika, ukichimba utakuta chanzo ni njia inayopitiwa na shilingi baada ya mgeni kuilipa.

Tuanze ng'ambo ya ziwa hili hili. Bustani ya mimea ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1898, na msimamizi wake wa kwanza alikuwa Alexander Whyte. Ina takriban hekta 40 zinazoteremka hadi ukingoni mwa maji. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya matembezi. Ilitaka kujua kama kahawa, kakao na mpira vingestahimili udongo na mvua za Uganda, hivyo gharama zikabebwa na kilimo. Nairobi Arboretum nayo ilizaliwa kwa haja kama hiyo. Ilianza mwaka 1907 chini ya Battiscombe wa idara ya misitu, kwa ajili ya kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, kwa sababu reli iliyofika hapa Kisumu Desemba 1901 ilikuwa ikila kuni nyingi kuliko misitu ya asili ingeweza kutoa. Garimoshi lilipoacha kuni na majaribio ya mazao yalipohamia kwingine, bustani hizo mbili zilibaki na miti mikubwa ya kupendeza, ila yule aliyekuwa akizilipia hakuwa tena na haja nazo. Entebbe ilipata mlezi: leo iko chini ya NARO, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uganda, kupitia kituo chake cha kuhifadhi mbegu na vinasaba vya mimea, na viingilio vya wageni ni nyongeza juu ya bajeti ya utafiti. Arboretum ilikaa muda mrefu bila mlezi wa namna hiyo.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wengi wa Nairobi walikuwa wanaogopa kuingia humo. Mwaka 1993 ikaundwa jumuiya ya Marafiki wa Nairobi Arboretum, FONA. Hao hawakuanza na majengo. Walianza kwa kuitambua miti mmoja mmoja, kuipa vibao vya majina na kuwatembeza watu. Leo hekta 30 hivi zenye aina zaidi ya 350 za miti zina watembeaji kuanzia alfajiri, na wanaoingia hulipa kiingilio.

Msitu wa Karura, humo humo Nairobi, ulikwenda mbali zaidi, na hapo ndipo penye somo la fedha. Sehemu za msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000 ziliwahi kugawiwa watu binafsi. Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai alipigwa na kujeruhiwa alipokwenda kupanda miche langoni. Ardhi ikaokolewa, lakini kuokoa ardhi ni jambo moja na kuilinda kila siku ni jambo jingine, na kwa miaka kadhaa msitu ulibaki mahali pa kutisha. Sheria ya Misitu ya 2005 iliruhusu jamii kusimamia msitu kwa makubaliano na Huduma ya Misitu, KFS. Jumuiya ya Marafiki wa Msitu wa Karura ikaundwa chini ya sheria hiyo. Wafadhili wakachangia uzio wa umeme, na vijana kutoka vijiji vilivyopakana na msitu wakaajiriwa kuwa maskauti. Wageni wakaanza kulipa, na malipo hayo yakatumika msituni humo humo: mishahara, matengenezo ya njia na uzio, kung'oa lantana, kupanda miti ya asili pale mikaratusi ilipovunwa. Mgeni aliyelipa Jumamosi aliweza kuiona pesa yake Jumamosi iliyofuata, kwenye daraja lililotengenezwa au kibao kipya. Ndiyo maana alirudi na wenzake.

Mwishoni mwa Agosti 2025 KFS ilitangaza kwamba malipo yote ya kuingia Karura yatapitia eCitizen, yaani kwenye mfumo mmoja wa serikali kuu. Marafiki wa Karura wakaenda mahakamani, na mahakama ikasimamisha agizo hilo kwa muda. Wengi waliliona kama vita vya mashirika mawili. Mimi naliona kuwa jambo linaloihusu Kisumu moja kwa moja. Kiini chake hakikuwa miti. Ugomvi ulikuwa juu ya akaunti, kwa sababu pande zote zinajua kwamba anayeshika akaunti ndiye anayeamua kama skauti atalipwa mwisho wa mwezi.

Sasa tufuate shilingi ya Kisumu. Tuseme kaunti imefungua bustani na kiingilio ni shilingi 50 kwa simu. Ibara ya 207 ya Katiba inataka kila pesa inayokusanywa na kaunti iingie katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Haitoki humo bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti, na lazima matumizi yake yawe ndani ya bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti. Ibara hiyo ni nzuri: inazuia pesa za umma kuliwa pale pale zinapokusanywa. Ila kwa bustani maana yake ni kwamba zile shilingi 50 zikishaingia kapuni zinapoteza jina. Zinakaa pamoja na ada za maegesho na za soko, na bwana shamba anayehitaji mpira wa kumwagilia anapanga foleni nyuma ya zahanati isiyo na dawa. Mbunge wa kaunti akichagua zahanati, nani atamlaumu?

Kisha kuna kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na kila anayefanya kazi na kaunti anajua jinsi mgao kutoka Hazina ya Taifa unavyochelewa. Kalenda ya mimea haifuati ya Hazina. Kisumu hupanda mvua za masika zinapoanza, Machi au Aprili, na kipindi kigumu kwa mche mchanga ni Januari na Februari, jua linapopasua udongo mweusi wa uwanda wa Kano hadi nyufa zinameza vidole. Pampu ikiharibika wiki hiyo, fundi anatakiwa kesho yake. Bajeti ya nyongeza ikija Aprili itakuta vijiti.

Milango ya kutokea ipo, tena halali. Ibara hiyo ya 207 inaruhusu sheria ya Bunge kuondoa baadhi ya pesa katika kapu hilo. Hospitali za umma zilipata mlango huo mwaka 2023, ilipotungwa sheria inayoziruhusu kubaki na mapato yao na kuyatumia kwa uboreshaji wa huduma. Ililetwa na kilio cha miaka mingi cha hospitali zilizokuwa zikikusanya pesa huku zikikosa glavu. Sitegemei Bunge la Taifa litunge sheria kwa ajili ya bustani. Ila kuna kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, ambacho kinampa waziri wa fedha wa kaunti uwezo wa kuunda mfuko maalumu kwa idhini ya baraza la mawaziri la kaunti na bunge lake. Mfuko unakuwa na msimamizi wake, hesabu zake na ukaguzi wake, na mapato yake yanabaki ndani yake.

Nimeruka maneno machache ya kifungu hicho makusudi, kwa sababu ndimo hatari ilimo. Mapato yanabaki ndani ya mfuko isipokuwa waziri huyo wa fedha aelekeze vinginevyo. Mwaka mgumu ukija, barua moja inatosha kuyahamisha. Ningekuwa mbunge wa kaunti, ningepigania kanuni za mfuko ziseme kwamba barua kama hiyo isomwe kwanza mbele ya bunge na itoe sababu. Haitamzuia kila waziri, lakini italazimisha jambo lifanyike hadharani.

Dunga inatufundisha kwamba watu wa ufukwe huu wanaweza kushika hesabu wenyewe. Tangu kanuni za 2007, vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vina kamati zinazochaguliwa na wanachama, vinatoza ada na vina akaunti zao. Wavuvi, wenye mashua na akina mama wauza samaki wanakaa kikao kimoja na kuulizana pesa zimekwenda wapi. Vikao hivyo vina kelele na havikosi malalamiko. Lakini mtu aliyezoea kumbana mweka hazina wake Dunga ataweza kumbana wa bustani pia, na ningependa bodi ya bustani itenge viti kwa watu kama hao kabla ya kuwapa wenye hoteli.

Kiasi chenyewe je? Chukua mfano wa hesabu tu: wafanyakazi 12 wa bustani na lango, kila mmoja shilingi 18,000 kwa mwezi, ni shilingi 216,000. Kwa kiingilio cha shilingi 50 unahitaji wageni 4,320 kwa mwezi, yaani 144 kila siku, mvua ikinyesha au isinyeshe. Hapo hujalipa maji, mbolea ya samadi wala mtaalamu wa mimea. Lango peke yake halitoshi, na anayewaahidi wakazi bustani inayojilipia anawadanganya. Bustani ya Singapore, ya mwaka 1859, inaingiwa bure, na kinacholipiwa ni bustani ya okidi ndani yake, kwa kuwa serikali inabeba mzigo mkubwa. Kisumu ingeweza kugawana hivi: mishahara ya kudumu itoke bajeti ya kaunti, na pesa za lango na za kuuza miche ya kitaluni zibebe dharura na mambo yanayoonekana, kama vibao, madawati na pampu. Kukodisha uwanja kwa arusi ni kishawishi kikubwa, nami ningekiruhusu kwa masharti makali. Mahema na magari chini ya miti hushindilia udongo, na udongo mweusi wenye mvua ukishashindiliwa mizizi hukosa hewa. Mti hauonyeshi mara moja. Huanza kukauka kileleni miaka kadhaa baadaye, pesa za arusi zikiwa zimesahaulika.

Jambo moja ambalo wahasibu hulikata kwanza ndilo linalotofautisha bustani ya mimea na uwanja wa kupumzikia: daftari. Kila mmea unaoingia hupewa namba, mwaka kwanza kisha mfuatano, na pembeni huandikwa mbegu ilitoka wapi, ilichukuliwa lini na nani, na imepandwa kitalu kipi. Kibao cha bati kwenye shina hubeba namba hiyo pamoja na majina. Kibao kikipotea, daftari linaurudisha mmea. Daftari likipotea, umebaki na miti tu. Kumlipa mtu mmoja wa kulitunza ni gharama ndogo kuliko kujenga lango la mapambo, na kwa upande wa Kisumu nusu ya kazi imekwisha kufanywa. Profesa John Kokwaro, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alichapisha kamusi ya mimea ya Kiluo na matumizi yake mwaka 1972. Kibao cha Kisumu kinaweza kuandikwa ober juu ya Albizia coriaria, siala juu ya Markhamia lutea, yago juu ya Kigelia africana, chwaa juu ya mkwaju, na nyanya akapita na mjukuu wake akamsomea kile ambacho mwenyewe alikijua kabla ya kibao.

Limebaki eneo. Kishawishi kitakuwa ukingo wa ziwa, na ni haki, kwani huko ndiko upepo na mandhari viliko. Lakini Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita rekodi ya 1964 na kuingia katika majumba, mashamba na fukwe pande zote. Mpima ardhi aweke vigingi mahali palipofikiwa na maji hayo. Chini ya mstari huo papandwe togo, mafunjo yenyewe, na njia ya mbao iliyoinuliwa kwa ajili ya watazamaji wa ndege. Kitalu, pampu, ofisi na chumba cha daftari vikae juu yake, na hati ya ardhi yote iandikwe kwa jina la umma kabla ya mche wa kwanza kutoka kitaluni.