Silaha za Kweli, Mji wa Badala: Tahakiki ya Filamu ya The Siege of Jadotville

Filamu ya vita ina mtazamaji wa aina yake, yule anayeitazama mikono ya wapiganaji kabla ya kuzitazama nyuso zao. Huyu hutaka kujua kama bunduki iliyoko kwenye kioo ndiyo iliyobebwa siku ile, mahali pale, au ni ya badala, iliyotumika kwa kuwa ndiyo iliyopatikana. Wahakiki wengi humwona kuwa mpenda vyuma tu. Filamu ya The Siege of Jadotville (2016), iliyoongozwa na Richie Smyth, inaonyesha kwamba swali lake ni la kihakiki hasa, ila limezoea kuishia njiani.

Jadotville ndio Likasi ya leo, mji wa madini wa Haut-Katanga. Tarehe 13 Septemba 1961 kombania ya wanajeshi wa Ireland zaidi ya 150, waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa na kuongozwa na Pat Quinlan, ilishambuliwa huko na majandarme wa Katanga iliyojitenga, pamoja na mamluki kutoka Ulaya. Walipigana hadi tarehe 17, maji na risasi vikawaishia, wakasalimu amri. Waireland walijeruhiwa, lakini hakuna aliyekufa.

Hapa aina ya silaha si pambo. Kiswahili chenyewe kinamtega mhakiki, kwani neno “bunduki” hubeba kila kitu kuanzia gobori. Asemaye kwamba askari walikuwa na bunduki bado hajasema kitu. Mnamo Novemba 1960, huko Niemba, kaskazini mwa Katanga, doria ya Waireland 11 ilivamiwa na wapiganaji wa Kibaluba waliotumia mishale, na 9 kati yao wakauawa. Bunduki yao ya kawaida wakati huo ilikuwa Lee-Enfield, ambayo mpigaji huivuta komeo kwa mkono baada ya kila risasi na ambayo hujazwa risasi 10. Kombania ya Quinlan ilikuja na FN FAL, yenye kasha la risasi 20, inayojikoki yenyewe. Filamu ambayo ingewapa watu wa Jadotville Lee-Enfield ingewarudisha Niemba, na mtazamaji asingeelewa waliwezaje kustahimili siku 5. Vivyo hivyo kwa Vickers, rashasha nzito yenye mtutu uliozungushiwa gamba la maji ya kuupoza. Pale ambapo maji ya kunywa yenyewe ni tatizo, bunduki inayohitaji maji ni sehemu ya masaibu.

Filamu ilipigwa Afrika Kusini, na hapo ndipo ubadala unapokuwa mgumu kuutambua. Jeshi la nchi hiyo lilitumia kwa miaka mingi R1, ambayo ni FAL iliyotengenezwa huko kwa leseni ya Wabelgiji. Kwa umbo ni ileile. Tofauti iko kwenye mihuri iliyogongwa ubavuni, na kamera haina haja ya kuisogelea mihuri. Lakini muhuri ni maandishi, na maandishi husomwa. FAL ilitoka kiwanda cha Herstal, Ubelgiji, na kiwanda hicho ndicho kilichokuwa kimelipatia jeshi la kikoloni la Kongo silaha ambazo Katanga ilizirithi. Kwa hiyo pale Jadotville, mji uliopewa jina la mhandisi Mbelgiji Jean Jadot, mlinda amani na mshambuliaji walilengana kwa vyuma vya kiwanda kimoja. R1 inapanga muhuri mwingine, wa jeshi lililopigana Namibia na Angola. Anayesema “zinafanana, basi” ameshamsamehe mwuza silaha.

Ndege ni rahisi zaidi. Fouga Magister ya Katanga, ndege ya mafunzo ya Kifaransa iliyofungwa bunduki na mabomu madogo, ina mkia wa umbo la V usiosahaulika, na yeyote atakayeibadilisha atagunduliwa na mtoto.

Jambo ambalo mkaguzi wa silaha halikagui ni mji. Desturi hii ni ya zamani. Dark of the Sun (1968), hadithi ya mamluki wa Kongo, ilipigwa Jamaica. Raoul Peck alipotengeneza Lumumba (2000) alikwenda Zimbabwe na Msumbiji, na hakuna atakayemlaumu kwa kuziepuka hatari za Kongo ya miaka ile. Hata hivyo, kinachotokea Jadotville ya Smyth ni tofauti: juhudi yote ya uhalisi imewekwa upande mmoja wa handaki. Waireland wana majina, barua, utani na hofu. Upande wa pili wenye sura ni Tshombe na mamluki wa Kifaransa. Majandarme wanakuja kwa mawimbi na kuanguka. Wenyeji wa mji, wanaosema Kiswahili cha Katanga, wanabaki kuwa mandhari. Bunduki imetafutiwa asili yake; aliyeibeba hakutafutiwa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba dawa ni kudai kila kitu kiwe cha kweli. Africa Addio (1966) ya Jacopetti na Prosperi, iliyopiga picha Zanzibar ya Mapinduzi na Kongo ya mamluki, haikuhitaji silaha za badala: risasi zilikuwa za moto na maiti zilikuwa maiti. Jacopetti alishtakiwa Italia kwa madai ya kushiriki mauaji yaliyopigwa picha, akaachiwa. Filamu ya kubuni hutumia risasi baridi, na mtutu huzibwa kiasi ili bunduki ijikoki bila risasi halisi. Uongo huo mdogo ndio unaomrudisha mwigizaji nyumbani jioni. Ubadala, basi, si dhambi ya sanaa. Swali ni kipi kilichobadilishwa, na nani aliyeonekana kuwa anaweza kubadilishwa bila mtu kulalamika.

Makadirio ya Wakatanga waliokufa katika mapigano yale hufikia 300. Katika filamu, mtazamaji makini anaweza kuzitaja kwa majina karibu silaha zote zilizowaua.