Wapishi wa Mikahawa ya Cheyo

Apitaye Cheyo, mjini Tabora, kabla ya adhana ya alfajiri, aghalabu hukuta moto umekwisha kokwa katika mikahawa midogo, na wanawake wamekwisha teka maji, kuchagua mchele na kukanda unga wa chapati, hali mji ungali usingizini. Tangu zama za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, na tangu reli ilipofika hapa mwaka 1912, mji huu umelisha wapitao. Lakini tarehe imehifadhi majina ya watemi na wasafiri, si ya waliosonga ugali.

Sikatai kwamba nimepata kutafuna changarawe ndani ya wali, na kungojea chai hata hamu ikanitoka. Walakini mpishi huyo hupika kwa kukadiria walaji asiowajua, humkopesha kibarua mpaka mwisho wa mwezi, na migebuka ya Kigoma isiponunuliwa leo, hasara ni yake peke yake. Siku nyingine hukuandalia kisamvu cha karanga kisicho na kifani, naye, machozi ya moshi machoni, hajatia kitu kinywani tangu asubuhi. Nasi huondoka tukinung'unikia bei.