"Tezi Mlinzi" Yamlinda Nani?

Mfasiri apewapo karatasi ya idhini ya upasuaji wa saratani ya matiti hana nafasi ya madoido, kwani mwanamke atakayeitia sahihi ndiye atakayepasuliwa. Katika rasimu tulizoletewa, tezi ya kwapani inayochunguzwa kwanza imeitwa "tezi mlinzi". Hapo ndipo tunapohitilafiana na wenzetu.

Neno la Kiingereza lililofasiriwa lina maana ya askari wa lindo, na tafsiri ni sahihi kwa mujibu wa kamusi. Lakini msomaji wetu aambiwapo kwamba mlinzi ataondolewa, atauliza, na ana haki ya kuuliza, nyumba itabaki na nani. Kumbe tezi hiyo hailindi kuliko nyingine. Daktari hudunga rangi ya buluu au dawa nururifu kwenye titi. Limfu huichukua hadi kwapani. Tezi inayoipokea kwanza, mara nyingi moja hadi tatu, hutolewa na kupimwa. Zikiwa safi, zilizosalia huachwa. Njia hii, iliyoelezwa kwa saratani ya matiti na Krag na wenzake mwaka 1993, kisha Giuliano na wenzake mwaka 1994, imewaepusha wanawake wengi na kuondolewa tezi kumi au zaidi, jambo liwezalo kuuacha mkono umevimba maisha.

Sisi twapendekeza "tezi ya mapokezi". Kila aliyewahi kufika hospitali apajua mapokezi: ndipo apitiapo kila mgeni kwanza. Wapo watakaoliona neno hili la kawaida mno kwa sayansi. Kwetu hiyo ndiyo sifa yake. "Mtoki", ingawa ni neno la wenyewe, halifai, maana hutaja tezi iliyokwisha kuvimba, na mgonjwa atadhani ameshahukumiwa.

Kosa kubwa zaidi ni "vamizi". Rasimu hizo hizo zataja "saratani vamizi", yaani iliyotoka mahali ilipoanzia na kuingia nyama za jirani, kisha zasifu "upimaji usio vamizi sana". Ugonjwa na tabibu wamepewa kitenzi kimoja! Yatosha kusema "upimaji wenye jeraha dogo". Tena tofauti yahitaji kushikwa barabara, kwa sababu utafiti uitwao SOUND, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba wanawake wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, ambao ultrasaundi ya kwapa haikuonyesha dosari, hawakupata hasara katika miaka 5 kwa kutopasuliwa kwapa kabisa. Huo ni upimaji usio na jeraha, na mfasiri asiutie katika fungu moja na ule wa kwanza.

Neno "uvimbe" nalo libakie kwa saratani yenyewe. Ya mkono iandikwe "kuvimba mkono", asije mama akasoma kwamba saratani yake imehamia mkononi.