Kinoo cha Maji

Kisu cha Kijapani kikianza kuteleza juu ya ganda la nyanya, mwenyewe hukimbilia dukani kutafuta cha kukinolea. Huko ataonyeshwa kijisanduku chenye mfereji wa kupitishia kisu, fimbo ya chuma, hata mashine ya umeme. Mimi namwambia aviache vyote, atafute jiwe.

Sababu imo ndani ya chuma chenyewe. Visu vingi vya Ujerumani hukaa kwenye 56 hadi 58 katika kipimo cha ugumu cha Rockwell. Vya Japani vilivyo vizuri huvuka 60. Chuma kigumu namna hiyo hukubali makali membamba, nyuzi 15 hivi kila upande, lakini hakijui kupinda: kikilazimishwa, humeguka. Kijisanduku hukikwangua kwa pembe iliyoamuliwa kiwandani na mtu asiyekijua kisu chako, kikatoka na mapengo. Ama yanagiba, kile kirefu cha kukatia samaki mbichi, hunolewa upande mmoja, na ule wa pili una kibonde chembamba. Kukipitisha kwenye mfereji wa pande mbili ni kukiua.

Huko Japani, katika Sakai, mji jirani wa Osaka, anayefua kisu siye anayekinoa. Mhunzi huunganisha chuma laini na kigumu, hukipiga, hukitumbukiza majini kingali chekundu, kisha hukikabidhi kwa mnoaji, togishi kwa lugha yao. Mpini hutiwa na mtu wa tatu. Kinachotoka kwa mhunzi ni bamba jeusi, butu. Umbo tunalolisifu hulitoa mnoaji, ameinama juu ya gurudumu la jiwe linalozunguka kwenye maji. Hata hivyo, jina lake ni nadra kulikuta kwenye bapa la kisu. Hilo huniudhi.

Vinoo vya maji huenda kwa namba: inavyopanda, ndivyo chembe zinavyokuwa laini. Cha 400 huondoa mapengo, cha 1000 hurudisha makali, cha 6000 hung'arisha. Vya asili vilivyosifika vilichimbwa milimani karibu na Kyoto. Migodi mingi imefungwa, na jiwe zuri bei yake inatisha. Vya kiwandani vinatosha, usione haya.

Mara ya kwanza nilinoa nusu saa nzima, kisu kikatoka butu kuliko kilivyoingia. Mkono ulikuwa ukipanda na kushuka kama wa mtu anayekuna nazi. Baadaye ndipo nilipojifunza kusikiliza. Pembe ikitulia, jiwe hutoa sauti moja, nzito kidogo. Ikipotea, sauti nayo hukwaruza. Tope linalotoka usiliharakishe kulisuuza, maana nalo linanoa. Kisha pitisha kidole kutoka ubapani kwenda nje, kamwe si kwa urefu wa makali: ukigusa kikwaruzo chembamba upande wa pili, chuma kimefika ncha na kujikunja. Geuza kisu.

Jiwe nalo huliwa. Likibonyea katikati lisawazishe, la sivyo litakipa kisu ubovu wake.

Kama fedha yako ni ya kinoo kimoja tu, chukua cha 1000. Ikiwa ni cha kulowekwa, kiloweke mpaka mapovu yaishe, tandika kitambaa chini kisiteleze, na uanze na kisu usichokipenda sana.