Nyumba ya Mawe na Chokaa: Namna ya Kuupima Ukarabati

Nyumba kongwe za mashambani Unguja, zile walizojenga wenye mikarafuu katika karne ya 19, ni za mawe ya matumbawe, udongo mwekundu, mchanga na chokaa, na juu yake zimelazwa boriti za mikoko. Simenti haimo. Nyingi sasa ni urithi wa ukoo mzima, na ukoo ndio unaozikarabati kwa michango na kwa siku za likizo. Anayetaka kujua kama kazi imetendeka vyema asianze na rangi, kwa kuwa rangi ndiyo inayoficha mengi. Aanze chini.

Ukuta wa namna hii una unene wa nusu mita hivi, na unapumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hupata njia ya kutokea kwenye chokaa. Ukipigwa lipu ya simenti, njia hiyo huziba. Maji hupanda zaidi yakitafuta pa kutokea, yamebeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya lipu huisukuma mpaka ibanduke. Lipu ya simenti hupendeza mwaka wa kwanza. Masika kadhaa yakipita, huanza kutoka vipande vipande, kila kipande kikiwa kimeng'oa ngozi ya ukuta wenyewe. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuchutama na kuangalia ukuta kuanzia ardhini hadi usawa wa kiuno. Lipu iliyovimba, unga mweupe wa chumvi, au ukanda wa zege uliozungushwa nje ukabana ukuta, vyote vinatosha kuonyesha kwamba maradhi yamefunikwa tu. Ukarabati mzuri huonekana kwa ardhi iliyoteremshwa kuelekea nje, na maji ya paa yaliyoelekezwa mbali na ukuta.

Chokaa ndiyo roho ya kazi, na ndipo penye tofauti kubwa kati ya fundi na fundi. Mawe ya matumbawe huchomwa kwenye tanuu la magogo mpaka yawe meupe na mepesi, kisha humwagiwa maji. Hapo huchemka yenyewe, hupasuka na kugeuka unga au uji mzito. Uji huo hulazwa shimoni chini ya maji. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyolainika, na hata miezi kadhaa si mingi. Mwenye haraka huutumia ungali na vipande ambavyo maji hayajavifikia, na kosa hilo halifichiki: vipande hivyo vikipata unyevu vikiwa tayari ukutani, huvimba na kurusha lipu iliyo mbele yake. Hubaki vishimo vidogo kama vya ndui, katikati ya kila kimoja nukta nyeupe. Ukuta wenye vishimo hivyo ulipakwa chokaa changa, hata aliyeupaka aseme nini.

Mchanga nao una hukumu yake. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani, basi ukuta hutoka jasho hata wakati wa kiangazi. Waashi wazoefu huonja chembe chache kwa ncha ya ulimi kabla ya kuukubali, na ni kipimo kisichogharimu kitu.

Lipu iliyokwisha kupigwa hupimwa kwa kiungo cha kidole. Ikigongwa ikalia kama kibuyu kitupu, haikushika mawe. Kisha kidole kilicholowa maji kipitishwe juu yake: chokaa hufyonza na kuweka doa jeusi linalokauka polepole, ilhali rangi ya mafuta huacha matone yateleze. Chokaa haikauki tu, bali hurudisha ndani yake hewa ya ukaa iliyoipoteza tanuuni, na hivyo hugeuka jiwe tena. Hilo huchukua muda, kwa hiyo tabaka nyembamba kadhaa ni bora kuliko moja nene. Anayetaka kuona lipu ya chokaa inaweza kufika wapi aende kwenye hamamu ya Kidichi, iliyojengwa shambani kwa Sultani Sayyid Said mwaka 1850. Nakshi zake za maua na ndege bado zinasomeka.

Boriti huoza mwanzo kwenye ncha zilizoingia ukutani, mahali jicho halifiki. Ncha ya kisu ikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, boriti hiyo imekwisha, hata kama katikati yake inang'aa. Njia za udongo za mchwa zitafutwe hapo hapo. Boriti ya mkoko hufika mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu. Chumba kilichopanuliwa kwa kubomoa ukuta wa kati na kuwekewa nguzo za zege si nyumba ileile tena.

Milango haihitaji maneno mengi. Mlango mzuri umerudishiwa miimo na mfaa wake wa asili, na kipande kilichooza kimekatwa na kuungwa kwa mti wa aina ileile. Vanishi nzito inayong'aa ni dalili mbaya.

Kazi ya familia, kinyume na wanavyodhani wengi, yaweza kuishinda ya mkandarasi, kwa kuwa chokaa hudai muda, na muda ndio asiokuwa nao mkandarasi. Kubandua simenti ya zamani, kuchekecha mchanga, kupaka chokaa ya maji tabaka baada ya tabaka, hayo vijana na wazee huyaweza. Kumwagia maji chokaa mbichi ni kazi ya wakubwa peke yao, maana huunguza ngozi na kupofua macho. Kubadili boriti na kuziba nyufa zinazopita ukuta mzima ni kazi ya fundi mwashi. Ukuta wa zamani uliopinda kidogo na ukaachwa hivyo si kosa; kuulazimisha ufuate timazi kwa kurundika lipu ndilo kosa.

Wakati mwafaka wa kuikagua nyumba ni mwishoni mwa masika, mwezi Mei, kuta zikiwa bado zimeshiba maji: kila palipozibwa patakuwa pana doa.