Ukombozi wa Mwanamke na Nafasi ya Baba

Taifa linalojenga utamaduni wake halina budi kuanzia nyumbani, kwani huko ndiko mtu ajifunzako lugha, adabu na kazi kabla hajaliona darasa. Kwa hiyo fikra yoyote mpya inayogusa unyumba yastahili kupimwa kwa utulivu, bila vigelegele na bila hasira. Mojawapo ya fikra hizo ni ile ya ukombozi wa mwanamke, hasa jinsi inavyoitazama talaka.

Kwanza tuiseme haki yake. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, itumikayo Tanzania Bara, huipa mahakama uwezo wa kugawa mali waliyoichuma mume na mke kwa juhudi zao za pamoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Mwenye insafu hawezi kuyalaumu maendeleo hayo, maana mke aliyepika, akafua na kulea kwa miaka mingi hastahili kutoka na kanga zake tu.

Lakini watetezi wengi wa ukombozi huishia hapo. Kwao talaka ni mlango wa kutokea utumwani, na mtoto anayebaki kizingitini hatajwi ila zinapohesabiwa fedha za matunzo. Kifungu cha 129 humtwika baba wajibu wa malazi, mavazi, chakula na elimu ya wanawe. Kifungu cha 125 nacho hudhania kuwa mtoto wa chini ya miaka saba hufaa kukaa na mamaye, ijapokuwa dhana hiyo yaweza kupingwa. Vifungu hivi vina hekima. Kosa ni kuvifanya viwe ndiyo maana yote ya ubaba, hata baba akawa mkoba, na mkoba ukikauka, baba hayupo.

Wanaume nao wasijifiche nyuma ya lawama hii. Katika jamii zetu zinazofuata ukoo wa baba, mahari yakiisha kulipwa, mtoto alihesabiwa kuwa wa baba. Hata hivyo aliyemwogesha, akamkesha kwa homa na kumfunza kusema ukweli aghalabu alikuwa mama. Methali zetu zenyewe zatoa ushahidi: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mbona babaye hatajwi? Wahenga waliposema kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, hawakusema kuwa kazi hiyo ni ya mmoja.

Hapo ndipo ukombozi wa kisasa unapojikwaa. Ukishampatia mwanamke sehemu ya nyumba, kisha ukamwachia peke yake malezi yote, umekubaliana na yule mwanamume mvivu asemaye kwamba kulea ni kazi ya wanawake. Mama anatoka mahakamani na mali mkono mmoja na mzigo wote mkono wa pili, na mtoto wa kiume anakua bila kumwona mwanamume akilea. Huyo naye kesho atakuwa baba wa namna gani?

Dawa haiko mbali. Kabla ya shauri la talaka, kwa kawaida wanandoa hupita katika baraza la usuluhishi wa ndoa. Wazee wa baraza, wakiona ndoa haiponi, wawaulize wote wawili: nani atamfunza mtoto huyu, siku zipi, na mambo gani? Kifungu cha 125 chenyewe, baada ya kutanguliza ustawi wa mtoto, huitaka mahakama izingatie pia mila za jamii ya wahusika. Basi mila tupeleke huko, ila iwe ile inayomtaka baba alee, wala si ile iliyomwita mwenye mtoto akiwa barazani. Ndoa yaweza kuvunjwa kwa hukumu. Ubaba hauna talaka.