Kisahani cha Kioo na Maji ya Mto Mara

Miongoni mwa mapambo ya mezani yanayotengenezwa viwandani na kuuzwa katika nchi nyingi, kiko kisahani cha kioo cha kuwekea bilauri, ambacho kimechapwa picha ya msitu unaokatwa. Magogo yamelazwa safu safu, visiki vimebaki, na nyuma yake miti mingine ingali imesimama. Huenda wako watakaouliza kwa nini uhakiki ujishughulishe na kitu kidogo namna hii. Jibu letu ni kwamba utamaduni wa taifa haukai katika ngoma na majumba ya makumbusho peke yake. Unakaa pia mezani, katika vyombo tunavyovishika kila siku bila kuvitafakari.

Hatuna budi kwanza kukisifu kwa kinachostahili. Kioo huipa picha kina na mng'ao, na duara za magogo yaliyokatwa zina mpangilio unaopendeza macho. Lakini kasoro yake inaanzia papo hapo. Mkataji hayumo, msumeno haumo, wala hapakuandikwa jina la mahali wala mwaka. Kazi imetengwa na mfanyakazi, na hasara imetengwa na anayeipata. Kilichobaki ni pambo tu.

Yafaa basi tukipime kisahani hiki kwa macho ya wananchi wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Mto Mara, wenye urefu wa kilomita 395 hivi, huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, kwa mito ya Nyangores na Amala. Hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha baina ya wilaya hizo mbili, hata kufika Ziwa Viktoria. Mwaka 2001 serikali ya Kenya iliondoa makumi ya maelfu ya hekta za Mau katika misitu ya hifadhi, na sehemu kubwa ikageuzwa mashamba. Msitu ukiondoka, mvua hukosa kizuizi. Maji huteremka kwa kasi yakichukua udongo, na wakati wa kiangazi mto hupungua. Wanaoumia ni mkulima na mfugaji wa kandokando ya mto, pamoja na nyumbu wanaokimbilia maji hayo wakati wa ukame. Kwa hiyo anayetua bilauri ya maji juu ya picha ile ameyaweka maji juu ya maangamizi ya chemchemi yake, wala chombo hakimwonyi.

Sisi tulikuwa na chombo cha kazi hiyo hiyo. Mtungi wenye tako la mviringo hausimami peke yake. Huwekwa juu ya ngata iliyosokotwa kwa majani au kwa nguo kuukuu. Ngata hiyo hiyo huwekwa kichwani mwa mwanamke atokapo mtoni. Haina picha, lakini kila aionaye anajua maji yametoka wapi na nani ameyabeba. Uzuri wake umetokana na kazi yake.

Hatusemi kwamba kioo kitupwe. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, hakutaka tukatae kujifunza kwa wengine. Alitaka tusijidharau wenyewe. Picha ya msitu unaokatwa inaweza kuwa sanaa ya maana, na mchapaji wa kwetu anaweza kuichapa juu ya kioo. Lakini aionyeshe mikono inayokata, aandike jina la msitu na mwaka, na aonyeshe mto unaotoka humo. Mgeni anayekunywa maji mjini Mugumu au Tarime ana haki ya kujua hayo, na mwenyeji wake ana wajibu wa kumweleza.